Hekalu, Kikale na Kukua kwa Mji

Katika makala haya tunakusudia kueleza ni kwa nini mahali pa ibada pengine huzaa mji, na pengine hapazai.

Huko Thanjavur, India ya Kusini, mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alikamilisha hekalu kubwa la Shiva mnamo mwaka 1010, likaitwa kwa jina lake. Maandishi yaliyochongwa kutani yanaonyesha kwamba lilipewa mapato ya vijiji vingi, likatunza makuhani, wanamuziki na wachezaji 400, tena likakopesha fedha kwa riba. Watumishi hao walipewa makao karibu nalo, na mji ukastawi kulizunguka.

Kwetu Buhaya tunao mfano wa Katuruka, karibu na Maruku, wilayani Bukoba. Katika karne ya 17 mukama Rugomora Mahe, wa ukoo wa Wahinda, alijenga kikale chake kando ya Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, akiongozwa na masimulizi ya wazee, alichimba hapo kuanzia mwaka 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Basi mtawala alijikalisha mahali palipoheshimiwa tangu kale, ili utawala wake nao uheshimiwe.

Hata hivyo Katuruka hapakuwa mji. Kila mukama alijenga kikale chake, na watu wakamfuata. Kilichobaki ni kaburi, watunzaji wake na masimulizi. Kule Thanjavur wakfu wa ardhi ulidumu kuliko mfalme aliyeutoa. Hapa huduma ilifungwa na uhai wa mtu mmoja.

Sisi watumishi wa Kanisa tuna la kujifunza. Ndolage na Rubya, wilayani Muleba, ibada imeambatana na hospitali, na watu hukusanyika kwa sababu huduma haikomi mchungaji au padre anapohamishwa. Lakini tusisahau upande wa pili. Mahekalu yaliyokusanya watu yaliwazuia pia wa tabaka la chini wasiingie. Katika ufalme wa Travancore walifunguliwa milango mwaka 1936 tu. Kwa hiyo, tunapohesabu mashamba na majengo ya usharika, tujiulize: yanamlisha nani, na ni nani angali amesimama nje ya lango?