Beji ndogo, gharama kubwa: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuagiza nembo za sare

Na MWANDISHI WETU

KILA Januari shule zinapofunguliwa, maduka ya sare kote nchini hufurika wazazi walioshika orodha mkononi. Sweta, shati, kaptura, sketi, soksi. Mwishoni kabisa mwa orodha hiyo, aghalabu kwa maandishi madogo, hutajwa kitu ambacho wengi hukipuuza: beji ya shule.

Hata hivyo, kipande hicho cha kitambaa kisichozidi upana wa kiganja ndicho mara nyingi huamua iwapo mzazi atanunua sweta sokoni kwa bei anayoimudu, au atalazimika kwenda katika duka moja tu lililoteuliwa. Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mnamo Januari 2003, karo iliondolewa lakini sare ikabaki kuwa mzigo wa mzazi. Mzigo huo ulisikika tena Januari 2023, wanafunzi wa kwanza walipojiunga na sekondari msingi na baadhi ya shule zikadai sare tofauti na ile waliyokuwa nayo.

Si wazazi pekee wanaohusika. Kwaya za makanisa, vyama vya wahudumu wa bodaboda, timu za mitaani, kampuni za ulinzi, hoteli na vikundi vya akina mama huagiza nembo za aina hii kila mwaka. Wengi huagiza bila kuuliza maswali, kisha hujuta baada ya sare kufuliwa mara tatu. Kuuliza si ujinga, na makala haya yanaeleza maswali yanayofaa kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Beji au kutarizi moja kwa moja?

Swali la kwanza ni iwapo nembo itariziwe moja kwa moja kwenye vazi, au itengenezwe kando kisha ishonewe.

Utarizi wa moja kwa moja hupendeza na haubanduki. Lakini una kasoro mbili kubwa. Kwanza, sweta lazima ifikishwe kwa mwenye mashine, kwa hivyo anayeuza nembo ndiye huishia kuuza sweta pia. Pili, mtoto akihamia shule nyingine, sweta hiyo haina kazi tena, kwa sababu kufumua maelfu ya mishono huacha matundu na alama.

Beji ya kushonea hutatua yote mawili. Shule inaweza kuuza beji peke yake, naye mzazi akanunua sweta ya rangi iliyoagizwa popote apendapo. Mtoto akikua, beji hufumuliwa na kushonewa sweta kubwa zaidi, nayo sweta ya zamani ikarithiwa na mdogo wake au jirani anayesoma kwingine. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne, tofauti hiyo si ndogo. Bodi ya shule inayowajali wazazi wake ingefaa kulitafakari jambo hili kabla ya lingine lolote.

Aina za nembo

Beji ya kutariziwa ndiyo iliyozoeleka zaidi. Sanaa yenyewe si ngeni kwetu: mafundi wa Lamu wamekuwa wakidarizi kofia kwa mkono tangu jadi. Kilichobadilika ni mashine. Mnamo 1863, Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine ya kutarizi iliyotumia nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, kama ifanyavyo cherehani. Mashine za siku hizi huongozwa na kompyuta, na moja yaweza kuwa na vichwa kadhaa vinavyotarizi beji kadhaa kwa wakati mmoja.

Nembo ya kutariziwa hudumu, huonekana kwa mbali na huwa na mguso wa heshima. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kubeba maelezo madogo mno. Uzi una unene wake. Mstari mwembamba kuliko uzi hauwezi kushonwa.

Beji ya kufumwa, inayofanana na lebo iliyo ndani ya kola ya shati, hutumia nyuzi nyembamba zaidi. Ni bapa, nyepesi, na huonyesha herufi ndogo vizuri. Inafaa nembo yenye maandishi mengi.

Beji ya kuchapishwa hutumia wino badala ya uzi. Inaweza kubeba picha na rangi zinazofifia kidogo kidogo kutoka moja hadi nyingine, jambo ambalo uzi hauliwezi. Lakini hupauka mapema ikianikwa juani kila wiki.

Beji ya mpira laini haiingizi maji wala haichakazwi na matope. Hupendwa kwa mifuko, makoti ya mvua na mavazi ya walinzi. Kwa sweta ya mtoto huwa ngumu na nzito.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba vazi ndilo huchagua nembo. Uzuri wa sampuli iliyo mezani pa fundi haitoshi kuwa kigezo.

Ukubwa na maandishi

Kosa linalofanywa mara nyingi zaidi ni kujaza maneno mengi katika nafasi ndogo. Shule hutaka jina kamili, kaulimbiu, mwaka wa kuanzishwa, kitabu, mwenge, mlima na jua, vyote ndani ya beji moja.

Hebu tupige hesabu. Chukua beji ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 7. Ukiacha nafasi ya pindo, maandishi yatazunguka katika duara lenye kipenyo cha sentimita 6 hivi, ambalo mzingo wake ni karibu sentimita 19. Herufi ya kutariziwa inayosomeka vyema huhitaji kimo cha angalau milimita 5, na pamoja na pengo lake huchukua takriban milimita 5 za upana. Kwa hivyo duara zima haliwezi kubeba zaidi ya herufi 37, zikihesabiwa pamoja na nafasi kati ya maneno. Jina refu la shule likishachukua 30, kaulimbiu haina mahali.

Suluhisho ni kuchagua. Jina na picha moja hutosha. Kaulimbiu iandikwe langoni na kwenye barua za shule.

Kuhusu ukubwa, sentimita 7 hadi 9 zinafaa kifua cha mtu mzima. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, 6 zatosha. Upande wa mbele wa kofia hauvumilii nembo yenye kimo kinachozidi sentimita 5 au 6, kwani hupinda na kukunjamana. Kabla ya kuagiza, chora nembo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ikate, ibandike kwenye vazi kwa pini, kisha uitazame ukiwa hatua tatu mbali. Usipoweza kuisoma, hata uzi wa dhahabu hautaisaidia.

Uzi, pindo na mgongo

Nyuzi zinazotumika sana ni za aina mbili: rayoni na poliesta. Rayoni hung'aa kama hariri na hupendeza kwenye joho la kwaya. Lakini katika nchi ambayo nguo nyeupe hutiwa dawa ya kung'arisha yenye klorini, rayoni hupoteza rangi upesi. Poliesta huhimili dawa hiyo na jua kwa muda mrefu zaidi. Kwa sare za shule, hospitali na hoteli, sisitiza poliesta.

Unaweza kujithibitishia. Omba kipande cha uzi, kishike kwa koleo na ukiwashe kwa kiberiti mahali salama, mbali na watoto. Poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu. Rayoni huungua kama karatasi na kuacha jivu.

Pindo nalo lina aina mbili. Lile nene la kuzungushiwa uzi hufaa maumbo ya duara, mraba au ngao isiyo na kona kali, na huzuia kitambaa kuchanika. Nembo yenye umbo la kipekee, kwa mfano ya simba au ramani, huhitaji pindo bapa la kutariziwa, kisha ikatwe kufuata umbo lake.

Upande wa nyuma ndio huamua namna ya kubandika. Beji yenye gundi ya kuyeyushwa kwa pasi ni rahisi kutumia, lakini haifai nailoni wala koti la mvua, kwani joto huharibu kitambaa. Hata kwenye pamba, gundi hulegea baada ya kufuliwa mara nyingi. Kwa hivyo ichukuliwe kuwa ya kushikilia tu, kisha cherehani imalize kazi.

Velkro, ambayo ilibuniwa na Mswisi George de Mestral baada ya kuchunguza vichomamguu vilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, humwezesha mlinzi kubandua nembo kabla ya kufua au anapohamishwa lindo. Lakini kinachobanduka kwa urahisi huibwa kwa urahisi, na nembo ya ulinzi ikiwa mikononi mwa mhalifu ni hatari.

Mwenye faili ndiye mwenye nembo

Kabla ya mashine kutarizi, mchoro hugeuzwa kuwa faili inayoielekeza sindano iende wapi. Kazi hiyo hulipiwa mara moja, nayo gharama yake hugawanywa kwa idadi ya beji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa matayarisho ni Sh3,000 na kila beji ni Sh100, basi beji 20 zitagharimu Sh5,000, yaani Sh250 kila moja. Beji 300 zitagharimu Sh33,000, yaani Sh110 kila moja. Ndiyo maana vikundi vidogo hufaidika vikiagiza mahitaji ya miaka miwili kwa pamoja.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Faili hiyo ni ya nani? Shule nyingi hulipia matayarisho kisha huiacha faili kwa fundi. Mwaka ufuatao fundi akipandisha bei, shule haina budi kukubali au kulipia matayarisho upya. Tangu mwanzo, andikeni katika makubaliano kwamba faili ni mali ya shule, mkabidhiwe nakala yake, pamoja na nambari za rangi za nyuzi zilizotumika. Hapo mtakuwa huru kwenda kwa fundi mwingine, na beji za mwaka huu zitafanana na za mwaka ujao.

Mipaka ya sheria

Si kila picha inayoruhusiwa kuwekwa kwenye beji. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inazuia kutumia nembo ya taifa katika biashara bila idhini. Kuvaa sare za wanajeshi bila ruhusa ni kosa la jinai. Kampuni za ulinzi, ambazo sekta yake iliwekewa mamlaka ya udhibiti na sheria ya 2016, zinapaswa kuhakikisha nembo zao haziwezi kudhaniwa kuwa za polisi. Vilevile, kunakili nembo ya klabu maarufu ya soka au kampuni kubwa na kuiuza ni kukiuka alama ya biashara ya mwenyewe.

Kwa upande wa watoto, jina la shule latosha. Jina la mtoto likiandikwa kifuani, mtu asiyemjua anaweza kumwita kwa jina njiani na kumlaghai kuwa anafahamiana na wazazi wake. Jina liandikwe ndani ya kola.

Sampuli kwanza

Usilipie beji 300 kabla ya kuishika moja mkononi. Igeuze: mishono ya nyuma iwe imekazwa, isiyo na nyuzi zinazoning'inia. Ivute taratibu: kitambaa kisionekane katikati ya mishono palipotakiwa kujaa. Isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikitoka na rangi, sare nyeupe itaharibika. Kisha ifue mara tano kwa sabuni mnayotumia nyumbani, ianike, ipige pasi. Iliyojikunja kama jani kavu irudishwe. Majuto ni mjukuu, na ni nafuu kupoteza wiki moja kuliko kupoteza fedha za wazazi 300.

Baada ya hapo, kushonea ni kazi ya fundi yeyote wa mtaani. Aweke alama kwa chaki, abane kwa pini, atumie uzi wa rangi ya pindo, na ashone ndani kidogo ya ukingo bila kuivuta sweta. Kwa koti la mvua, kila tundu la sindano huingiza maji, kwa hivyo nembo ikae juu ya mfuko. Kwa mfuko wa shule, ishonewe kabla ya bitana kutiwa.

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kikundi au mkurugenzi wa kampuni akizingatia haya, beji itatimiza kazi yake: kumtambulisha aliyeivaa na kumpa fahari ya kuwa miongoni mwa wenzake. Isiwe kisingizio cha kumfunga mzazi katika duka moja, wala sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa kipande cha kitambaa.