Yeye Mbele, Mimi Nyuma: Dar hadi Bagamoyo kwa Baiskeli

Shoga, ukitaka kumjua mwanaume aliyekuoa, achana na mambo ya hoteli. Pandeni baiskeli, anzeni Mwenge saa 12 asubuhi, muelekee Bagamoyo. Ni kilomita kama 60 hivi. Utanishukuru, au utanilaani.

Mimi na baba watoto tulikwenda Julai, mwaka wetu wa sita wa ndoa. Wazo lilikuwa lake. Mimi nilikubali kwa sababu zangu. Wiki moja kabla, wifi aliropoka kwamba kaka yake amekubali uhamisho wa kwenda Mwanza. Wifi anajua, mama mkwe anajua, mimi mke sijui! Nikasema moyoni, huko njiani hakuna runinga ya kujificha. Atanieleza.

Hadi Tegeta ni daladala na malori, hapo unabana kushoto na kuomba Mungu. Ukishapita Boko na Bunju, ukavuka daraja la Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani, ndipo unapumua. Minazi, mikorosho, na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni. Ilitakiwa iwe raha tupu.

Lakini mwenzangu ana miguu mirefu na haraka zake. Anatokomea mbele, ananisubiri chini ya mwembe, nikifika tu na yeye anapanda. Sasa jamani, si yeye amepumzika dakika kumi na mimi sijapumzika hata moja? Wazoefu wa safari ndefu hufanya kinyume: mwenye mwendo mdogo anakaa mbele, yeye ndiye apange kasi. Mwenye nguvu anakuja mbele pale tu upepo unapokuwa usoni, amkinge mwenzake.

Tulipopita Kerege, tairi langu la nyuma likafanya pssss. Pancha. Viraka na gundi viko kwenye mkoba wangu, pampu iko kwenye karia yake, na yeye haonekani. Napiga simu, inaita tu. Mama mmoja muuza madafu akanipa kigoda.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ametangulia."

Akacheka, akanikatia dafu.

Ilipita karibu saa nzima ndipo nikamwona anarudi, jasho linamtiririka. "Pole mama, nilidhani uko nyuma yangu."

"Na Mwanza pia ulidhani niko nyuma yako?"

Kimya. Aliinama, akaipindua baiskeli, akachomoa tyubu. Yule mama akatuletea beseni la maji tutafute tundu, mapovu yakatuonyesha. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi. Gundi ya kiraka haitaki haraka, lazima uiache kidogo ikauke kabla ya kubandika. Hizo dakika tano ndizo nilizozifuata kote huko.

"Niliogopa utakataa," akasema, macho kwenye tyubu.

"Ningekataa ndiyo. Duka langu liko Sinza, watoto wanasoma Sinza."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Nilitaka kulia, nikabandika kiraka. Kumbe alikuwa amekubali kwa mdomo tu, fomu hajasaini. Alisema pia kitu ambacho sikukitegemea: kazini amepitwa na vijana aliowafundisha yeye, na Mwanza angekuwa bosi. Miezi yote hiyo amekaa nalo, akinijibu "poa tu" kila nikimuuliza habari za kazi.

Zinga na Kiromo nilipita mimi mbele. Polepole, kilomita 13 kwa saa, na hakuna aliyelalamika. Tukaingia Bagamoyo saa 8 mchana, mapaja yanawaka. Halafu unakumbuka wapagazi wa misafara ya zamani walifika mji huu kwa miguu, na mizigo, kutoka Ujiji huko! Tukala pweza mpaka vidole vikanata, tukalala kama magogo.

Kurudi kesho yake, kusi likawa linatupiga usoni. Akaja mbele, nikajificha nyuma ya mgongo wake, na kila baada ya muda anageuza shingo.

"Upo?"

"Nipo. Punguza."

Anapunguza.

Jumatatu jioni alileta ile fomu nyumbani, akaiweka mezani mbele yangu, kalamu juu yake. Mpaka naandika haya haijasainiwa, na bado tunaizungumza.