Hewani Kiswahili Ruksa, Jina kwa Kiingereza

Ukisimama upande wa Boston na kutazama ng'ambo ya mto Charles, jengo moja refu utakaloliona katika chuo cha MIT ni Green Building. Juu ya paa lake kuna kuba jeupe, kama mpira uliosahauliwa na jitu. Ndani ya kuba hilo kuna dishi lililowekwa miaka ya 1960 kwa ajili ya rada ya kuchunguza hali ya hewa. Watafiti walipoacha kulitumia, wanafunzi wa klabu ya redio ya chuo hicho, W1MX, walilichukua na kulitengeneza. Walilitumia kurusha mawimbi mpaka mwezini na kuyasikiliza yakirudi. Kwenda na kurudi ni kama sekunde mbili na nusu.

Jengo lilipofanyiwa ukarabati, kuba na dishi lake vilikaribia kuondoka moja kwa moja. Klabu ikalazimika kutafuta fedha, tena upesi. Mwaka 2021 wafadhili waitwao ARDC walitoa ruzuku ya dola milioni 1.6. Msomaji atauliza, wapenzi wa redio wamezipata wapi fedha hizo? Mwaka 1981, intaneti ikiwa bado changa, walitengewa anwani zake zaidi ya milioni 16 kwa ajili ya majaribio. Mwaka 2019 waliuza kama robo yake kwa Amazon. Akiba hiyo ndiyo iliyookoa dishi la wanafunzi.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanadhani kilichoua klabu za redio vyuoni ni simu ya mkononi. Sisi hatuamini. Klabu hizi huuawa na paa lililofungwa na kukosa warithi.

Hii si redio ya matangazo. Redio ya ridhaa, kama ndondi za ridhaa, haina malipo wala biashara, na muziki umekatazwa. Ni mtu na mtu wanaongea, kila mmoja na mtambo wake, antena yake na leseni yake. Kila kituo kina alama inayotaja nchi yake: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, A4 Oman. Zamani za Waingereza Unguja ilikuwa na alama yake peke yake, VQ1. Na wenzetu wenye jamaa Maskati huenda hawajui kwamba marehemu Sultani Qaboos naye alikuwa mpenzi wa redio: alama yake ilikuwa A41AA.

Vyuo vya Marekani vimeanza zamani mchezo huu. Klabu ya Columbia hutaja mwaka 1908, ile ya Harvard 1909, na nani mkubwa ni ubishi wao, tusiuingilie. Mwaka 1912 mwanafunzi wa Columbia, Edwin Armstrong, alibuni saketi iliyoyapa nguvu mawimbi dhaifu kuliko ilivyowahi kufanyika. Baadaye ndiye aliyetuletea FM.

Lakini chuo ni nyumba ya wapangaji. Kila miaka minne wote wamehama. Anayejua kupanda mnara anahitimu Mei, na Septemba hakuna anayejua waya upi unaingia wapi. Kwa hiyo sheria ya Marekani inataka klabu yenye leseni iwe na watu wasiopungua wanne, na mmoja wenye leseni awe mdhamini wa alama. Mara nyingi mdhamini ni mhadhiri au mfanyakazi wa chuo, mtu asiyehitimu. Alama ya W1MX haihitimu pia. Sisi tunaochaguana viongozi kila mwaka na kuanza upya kila mwaka tunalielewa jambo hili vizuri sana.

Sasa lugha. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuzungumza lugha yoyote hewani. Unaweza kuamkia, kuulizia mvua na kucheka kwa Kiswahili saa nzima. Sharti ni moja: kila dakika kumi, na mwisho wa mazungumzo, utaje alama yako kwa Kiingereza. Imekatazwa pia kutumia maneno ya siri ili kuficha maana. Kama mafumbo ya bibi zetu yamo katika katazo hilo, wanasheria watatwambia.

Kuna kizuizi kingine, na hiki kinatugusa. Mtu asiye na leseni anaweza kuzungumza kupitia kituo cha klabu mwenye leseni akiwa kando yake, lakini nje ya Marekani ni kwa nchi zenye mkataba wa jambo hilo tu. Komoro imo. Tanzania na Kenya hazimo. Maana yake, anayetaka kumwita mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hana budi kuwa na leseni yake mwenyewe.

Mtihani hautishi. Ngazi ya kwanza ni maswali 35 na kufaulu ni 26, na maswali yote yanayoweza kutoka huchapishwa mapema pamoja na majibu. Alfabeti ya Morse haitahiniwi tangu 2007. Ila ngazi hiyo, katika mawimbi mafupi yanayovuka bahari, inakupa sauti kwenye megahezi 28.3 hadi 28.5 tu, na huko hutegemea jua liwe na nguvu. Ngazi ya pili, maswali mengine 35, ndiyo inayofungua megahezi 14, njia ya uhakika zaidi ya kufika Afrika Mashariki.

Wengine watakwambia utumie FT8. Ni kazi ya Joseph Taylor wa Princeton, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, na Steve Franke wa Chuo Kikuu cha Illinois, nayo ilitoka 2017. Kompyuta mbili hupokezana kila sekunde 15 na kusikizana hata mawimbi yakiwa hafifu mno kwa sikio. Tunaiheshimu. Lakini hupelekeana alama, mahali na nguvu ya mawimbi, basi. Hakuna shikamoo.

Sisi tunataka sauti, na mkwaruzo wake. Wanne wetu tayari wanajisomea maswali, na tungependa mhadhiri mmoja ajiunge: mdhamini bado hatuna.