Maskini hununua intaneti kwa kijiko

Neno 'kadogo' limeenea katika mitaa ya Kibera na Kawangware kiasi kwamba halihitaji kufafanuliwa. Ni mafuta ya kupikia ya shilingi chache, ni sukari ya kupimiwa kwa kijiko, na siku hizi ni intaneti ya saa moja. Mwananchi wa kipato cha chini hununua kidogo kidogo, si kwa kupenda, bali kwa sababu mapato yake nayo humjia kidogo kidogo. La kusikitisha ni kwamba anunuaye kwa kijiko ndiye alipaye zaidi. Mkazi wa Laini Saba anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 huilipia kila lita bei ya juu kuliko tajiri aliye na mfereji jikoni. Intaneti imefuata mkondo uo huo.

Hebu tupige hesabu. Familia inayotumia shilingi 50 kila siku kununulia bando za simu huwa imetumia shilingi 1,500 kufikia mwisho wa mwezi. Kiasi hicho ndicho ambacho kampuni ya Poa, iliyoanzia shughuli zake katika mitaa hii miwili katika mwongo uliopita, ilikuja kutoza kwa intaneti ya nyumbani ya mwezi mzima. Tofauti ni kwamba bando hulipwa kwa vijisenti, ilhali ya nyumbani hudai fedha zote kwa mkupuo.

Zamani tungeweza kuilaumu jiografia. Hadi mwaka wa 2009, Kenya iliitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa ya kutisha. Kebo ya baharini ya TEAMS ilifika Mombasa Juni mwaka huo, SEACOM ikaanza kazi Julai, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Hata hivyo, nyaya zilipoingia Nairobi zilielekezwa kwanza kwenye maofisi na makao ya wenye nacho. Shule zilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa ajili ya Korona, pengo hilo lilianikwa juani: kuna mtoto aliyesoma kwa kompyuta, na kuna mwenziwe wa Gatwekera aliyesubiri simu ya mamake jioni.

Leo wauzaji wameongezeka, na wingi huo umeleta utata mpya, ambao kwa kiasi kikubwa ni utata wa lugha. Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi kwamba maneno madogo ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Chukua neno 'hadi'. Tangazo linaposema 'kasi ya hadi megabiti 5', linataja dari, wala halitaji sakafu. Aidha, megabiti si megabaiti: baiti moja ni biti nane. Faili ya megabaiti 100 kwenye kasi hiyo huchukua sekunde 160, si 20 kama anavyodhani mnunuzi.

Neno la pili ni 'bila kikomo'. Mara nyingi maana yake ni kwamba huduma haitakatika. Haimaanishi kwamba kasi haitapunguzwa ukishatumia kiasi fulani. La tatu ni 'bure', hasa katika 'kuunganishiwa bure'. Ulizia ruta ni ya nani, na ukihama ploti utatozwa nini. Mpangaji wa Gatina huweza kuhama wakati wowote kodi inapopandishwa. Hilo kwake si jambo dogo.

Bei nayo isitazamwe peke yake. Mwaka wa 2024, kifurushi cha chini cha faiba ya nyumbani cha Safaricom kilikuwa shilingi 2,999 kwa megabiti 15. Kwa kila megabiti, hiyo ni bei nafuu kuliko shilingi 1,500 kwa megabiti 5, lakini unafuu huo haumfai asiye na 2,999 mkononi, wala aishiye mahali ambapo faiba haijafika. Starlink, iliyoingia nchini Julai 2023, ililazimika kusitisha usajili wa wateja wapya Nairobi mnamo Novemba 2024 kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Funzo ni kwamba kasi yako hutegemea idadi ya majirani mnaogawana huduma. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwombe jirani aliyeunganishwa akuonyeshe hali ilivyo saa mbili usiku, si saa nne asubuhi.

Isitoshe, wako vijana wanaovuta nyaya kutoka ghorofa hadi ghorofa na kuuza kwa bei ya chini mno. Baadhi yao ni wachapakazi hodari, lakini asiye na leseni hana wa kumwajibisha. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi.

Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka wa 2010 zinampa mteja haki ya kuelezwa bei na masharti kwa uwazi na ukamilifu. Mlalamishi huanza kwa kampuni yenyewe, na asiporidhika huipeleka kesi yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini uwazi gani huo, ikiwa masharti yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kukabidhiwa mama muuza mboga wa Kawangware? Mamlaka na izishurutishe kampuni kuandika mikataba yake kwa Kiswahili chepesi, na kampuni nazo ziruhusu malipo ya wiki kwa bei ileile ya mwezi. Anayelipa kwa kijiko hastahili kuadhibiwa kwa kukosa gunia.