Gari Ndani ya Kioo: Kuhamisha Usukani wa Magari ya Kale ya Marekani

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa masomoni Australia, nilialikwa katika karakana moja nje ya mji wa Melbourne kutazama Ford Mustang ya zamani iliyoletwa kutoka Marekani. Usukani wake ulikuwa umehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Gari likainuliwa kwa jeki, na fundi akazungusha usukani kuelekea kulia. Magurudumu yakaelekea kushoto! Kila nati ilikuwa imekazwa na kila kipande kilikuwa mahali pake, lakini gari lile lingeweza kuua mtu kwenye kona ya kwanza. Kosa lilikuwa wapi?

Kwanza tueleze asili ya tatizo. Nchini Marekani magari hupita upande wa kulia wa barabara, na dereva huketi kushoto ili awe karibu na katikati ya barabara, aone vyema anapotaka kulipita gari jingine. Australia, kama Tanzania, Kenya na Uganda, hufuata upande wa kushoto. Kwa hiyo dereva huketi kulia. Mustang ilipoanza kuuzwa mwaka 1964, kiwanda kiliitengeneza kwa usukani wa kushoto. Kati ya mwaka 1965 na 1966 kampuni ya Ford ya Australia ilizigeuza zipatazo 200 ili iziuze nchini humo. Kiwanda cha Marekani kilianza kutoa Mustang za usukani wa kulia mwaka 2015. Hivyo Mustang yoyote ya kale yenye usukani wa kulia imepitia mikononi mwa mafundi wa kugeuza.

Yaweza kudhaniwa kwamba kazi hiyo ni kuhamisha tu. Sivyo. Ndani ya kisanduku cha gia za usukani, ambacho mafundi hukiita stelingi boksi, mna parafujo ndefu inayozungushwa na usukani. Juu ya parafujo hiyo hupanda na kushuka nati kubwa yenye meno ubavuni. Meno hayo huzungusha mhimili mfupi uliosimama kando yake, na chini ya mhimili pana mkono unaosukuma vyuma vya kugeuzia magurudumu. Upande wa pili wa gari, fremu na injini hudai kisanduku chenye umbo la kinyume, yaani mhimili uwe upande mwingine wa parafujo.

Hapo ndipo penye hatari. Msomaji na afanye jaribio hili. Simamisha penseli mbili za mviringo, mwenzako azishike kwa wepesi. Pitisha rula katikati yao huku ikizigusa zote, kisha uisukume mbele. Penseli moja itazunguka kulia na nyingine kushoto, ingawa rula imekwenda upande mmoja tu. Rula ni nati yetu, na penseli ni mhimili. Ukihamisha mhimili ng'ambo ya pili bila kubadili mwendo wa nati, gari litakwenda kinyume cha mkono wa dereva.

Dawa yake ni kugeuza parafujo pia. Shika bolti ya kawaida mbele ya kioo: utaona kwamba hesi za taswira yake zimepinda kinyume, na taswira hiyo ni parafujo ya mkono wa kushoto. Parafujo ya namna hii si kitu kigeni. Pedali ya kushoto ya baiskeli hufungwa kwa hesi kama hizo. Fundi wetu alikuwa amepata kisanduku chenye umbo la kioo, lakini parafujo ya ndani ilikuwa ile ya kawaida. Aligeuza nusu ya gari, na nusu nyingine akaiacha.

Breki nazo zina somo lake. Tuseme mguu unasukuma pedali kwa nguvu ya nyutoni 300, na wenzo wa pedali unaizidisha mara 5: tunapata nyutoni 1,500. Wako waliohamisha pedali peke yake, wakaacha silinda kuu ya breki kushoto, na kuunganisha viwili hivyo kwa fito ndefu. Nguvu hiyo huisokota fito, na sehemu ya mwendo wa mguu hupotea kabla ya kufika kwenye silinda. Ni afadhali silinda yenyewe ihamishwe, kwa maana mafuta ya breki hupeleka kanieneo kwa ukamilifu hata bomba likipinda, kama kanuni ya Pascal inavyotufundisha.

Taa pia zisisahauliwe. Taa za Kimarekani zinapoinamishwa huelekeza mwanga zaidi upande wa kulia, iliko kando ya barabara yao. Katika barabara ya kushoto mwanga huo humpiga machoni dereva anayekuja.

Kwa sababu hizi, majimbo mengi ya Australia huruhusu gari lililotimiza miaka 30 libaki na usukani wake wa kushoto. Gari lililoachwa kama lilivyoundwa huweza kuwa salama kuliko lililogeuzwa nusunusu.

Fundi yule hakuona haya. Alikifungua kisanduku, akatafuta kingine chenye parafujo ya kushoto, na juma lililofuata akalipandisha gari tena kwenye jeki kabla ya kulitoa nje. Uungwana wa ufundi ni huo: kupima kabla ya kuamini.

Swali la kujadili darasani: lori litokalo Tanzania likivuka Rusumo na kuingia Rwanda, ambako magari hupita kulia, ni mambo gani ya usalama hubadilika ingawa lori ni lile lile?