Kuimba Mdomo Umefumbwa: Tulizo la Mwili na Akili

Kuimba mdomo ukiwa umefumbwa ni njia nyepesi ya kupunguza msongo wa mawazo, na watu wengi huitumia bila kujua kwamba wanajitibu. Midomo hufungwa, taya hulegezwa, kisha sauti hutolewa kupitia puani kwa kufuata wimbo ambao mtu anaujua tangu zamani. Maneno hayatamkwi, kinachobaki ni mvumo wa wimbo wenyewe. Njia hii haihitaji kipaji, chombo wala fedha, na haizuii mikono kufanya kazi. Ndiyo maana husikika zaidi mahali penye shughuli nyingi.

Kata ya Sombetini, katika Jiji la Arusha, ni mahali pa namna hiyo. Soko la Mbauda, lililo kando ya barabara iendayo Dodoma, huwakusanya wauza nafaka, mboga na mitumba, na pembeni yao wamo mafundi cherehani, wasusi, mafundi gereji na mama ntilie. Siku ni ndefu, kelele za pikipiki na daladala hazikatiki, na mawazo ya kodi, ada na marejesho ya mkopo humfuata mtu hadi kwenye meza yake ya biashara.

Katika mazingira hayo, wimbo wa puani huanza wenyewe. Mwanamke anayechambua maharage huketi na ungo mapajani. Vidole vyake hutenga vijiwe na punje zilizobunguliwa upande mmoja, punje nzima upande mwingine. Mstari mmoja wa wimbo hutoka puani, pumzi inavutwa, mstari wa pili unafuata. Mstari unapokwisha, ungo hutikiswa, makapi yanapeperuka, na kazi inaendelea kwa mwendo uleule. Hajaamua kupumua polepole. Wimbo ndio uliompangia.

Sauti inavyotoka

Hewa inayotoka mapafuni hupita kwenye zoloto, ambamo zimo nyuzi mbili za sauti. Nyuzi hizo zinapokaribiana, hewa huzitikisa na sauti hutokea. Mtu anapozungumza, ulimi na midomo huikatakata sauti hiyo iwe maneno. Mdomo ukifumbwa, njia pekee inayobaki ni pua. Jambo hili ni rahisi kulihakikisha: mtu akibana pua yake katikati ya mvumo, sauti hukatika papo hapo, kwa kuwa hewa imekosa pa kutokea.

Mtetemo husambaa kwenye mifupa ya uso, fuvu na kifua. Kidole kikiwekwa juu ya pua au kiganja kifuani, mtetemo huhisiwa waziwazi. Sehemu ya sauti humfikia mwimbaji kupitia mifupa ya fuvu lake mwenyewe, hivyo hata akiimba kwa sauti ya chini ambayo jirani haisikii vizuri, yeye huisikia ikiwa imejaa.

Ndani ya mifupa ya uso kuna mashimo ya hewa yanayopakana na pua. Humo hutengenezwa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo mwili huitumia, pamoja na mambo mengine, kulegeza mishipa ya damu. Mwaka 2002, watafiti Eddie Weitzberg na Jon Lundberg wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima hewa inayotoka puani na kukuta kwamba mtu anapoimba mdomo umefumbwa, gesi hiyo hutoka mara 15 zaidi ya anapopumua kimya. Mtetemo huharakisha hewa kuingia na kutoka katika mashimo hayo. Kipimo hicho hakisemi kwamba wimbo ni dawa ya mafua. Kinaonyesha kuwa kitendo hiki kidogo hubadilisha upumuaji wa pua kwa kiasi kikubwa.

Pumzi ndefu na moyo

Mtu akiwa na hofu au shinikizo, ubongo huuandaa mwili kupambana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Hali hiyo humsaidia anayekwepa gari barabarani. Ikidumu siku nzima kwa sababu ya deni au ugomvi, huleta uchovu, maumivu ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu.

Kazi ya kuurudisha mwili katika utulivu hufanywa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, ambayo hutoka kwenye ubongo, hupita shingoni na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Mtu anapovuta hewa, mapigo ya moyo huongezeka kidogo. Anapoitoa, neva hiyo huyapunguza. Kwa hiyo kadiri utoaji wa pumzi unavyorefuka, ndivyo moyo unavyopata nafasi ya kutulia. Mvumo wa wimbo hauwezekani bila kutoa pumzi, na pumzi hiyo hutoka kidogokidogo hadi mwisho wa mstari.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Wimbo wa polepole, ukiimbwa mstari mmoja kwa pumzi moja, unaweza kuishusha idadi hiyo hadi kukaribia mara 6. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2001, ukiongozwa na Luciano Bernardi, ulichunguza watu walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na walipokuwa wakikariri maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mfumo wa mwili unaorekebisha shinikizo la damu ulifanya kazi vizuri zaidi. Hakuna aliyehesabu sekunde. Maneno yaliyozoeleka ndiyo yaliyopima pumzi.

Kwa nini wimbo uliozoeleka

Mvumo wa sauti moja tu nao hutuliza. Nchini India, wafuasi wa yoga wana zoezi la kale liitwalo bhramari, ambalo humtaka mtu avume kama nyuki. Lakini wimbo unaofahamika una faida ya ziada. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwapima vijana waliokuwa wakiimba pamoja na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Vijana walipovumisha sauti moja, kila mmoja alipumua alipotaka. Walipoimba wimbo wa kanisani, mistari iliwafanya wapumue mahali pamoja, na mapigo ya mioyo yao yakawa yanapanda na kushuka kwa pamoja. Wimbo, kwa maneno mengine, una ratiba ya pumzi ndani yake.

Anayeujua wimbo pia hujua kinachofuata, na kungojea sehemu anayoipenda ni raha yenyewe. Mwaka 2011, Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao mjini Montreal, Kanada, walionyesha kwamba ubongo wa msikilizaji hutoa dopamini, kemikali inayohusika na furaha, wakati kilele cha muziki anaoupenda kinapofika, na hata kabla hakijafika.

Hazina ya nyimbo kama hizo ni kubwa katika eneo la Mlima Meru. Sharika za Kilutheri zina tenzi na mapambio yanayojulikana tangu shule ya Jumapili. Howard Olson, aliyefundisha chuo cha theolojia cha Makumira, alikusanya nyimbo zenye lahani za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, na nyingi zimekuwa mali ya makanisa ya kawaida. Waislamu wana kaswida walizojifunza madrasa. Waarusha, wanaozungumza Kimaa, wana uimbaji ambao kiongozi, olaranyani, huinua wimbo huku wenzake wakiushikilia kwa mivumo mizito ya kooni, bila ngoma. Kundi la X Plastaz la Arusha liliuingiza uimbaji wa Kimaasai katika hip hop na kuufikisha nje ya nchi.

Juu ya zote zipo nyimbo za kubembelezea watoto. Mama au bibi anapombeba mtoto mgongoni, maneno huisha na mvumo hubaki. Mtoto huupokea kwa masikio na kwa kifua pia. Utafiti wa mwaka 2013 ulioongozwa na Joanne Loewy katika hospitali 11 za Marekani, kwa watoto njiti 272, uligundua kwamba muziki wa moja kwa moja, zikiwemo nyimbo zilizochaguliwa na wazazi wenyewe, ulituliza mapigo ya moyo ya watoto na kupunguza wasiwasi wa wazazi.

Namna ya kufanya

Mwimbaji hukaa au kusimama mabega yakiwa yamelegea. Huvuta hewa polepole kwa pua, kisha huanza wimbo kwa sauti ya chini isiyomkaza koo. Midomo hugusana bila kubanwa, na meno ya juu na ya chini hayagusani. Kila mstari huimbwa kwa pumzi moja, bila kuiharakisha inayofuata. Dakika 5 zinatosha kwa kuanzia, iwe kabla ya kufungua biashara, katika foleni au kabla ya kulala.

Wimbo unaofaa ni wa mwendo wa taratibu na wenye kumbukumbu njema. Ule ulioimbwa msibani unaweza kumrudisha mtu kwenye majonzi. Koo likikereketa, sauti ishushwe. Kizunguzungu kikitokea, mtu aache na kupumua kawaida. Mwenye mafua yaliyoziba pua asubiri yapungue.

Mipaka yake

Wimbo hauondoi deni wala hautatui ugomvi wa nyumbani. Unachofanya ni kuupa mwili utulivu ili akili ipate nafasi ya kufikiri. Pia hauchukui nafasi ya tiba. Huzuni inayodumu kwa wiki 2 au zaidi, kukosa usingizi mfululizo, kupoteza hamu ya kula na kazi, au mawazo ya kujidhuru ni dalili zinazohitaji mtaalamu, na safari ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Arusha ni Mount Meru. Kwa misukosuko ya kila siku, hata hivyo, wimbo wa puani ni msaada wa kweli, na haustahili kuonewa aibu. Anayeusikia kwa mwenzake kazini asimcheke, na mzazi anayewaimbia wanawe leo anawaachia nyimbo zitakazowapimia pumzi watakapokuwa watu wazima.