Ndege Ndogo Iliyongoja Miaka 18

Wahenga walisema: kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Neno hilo tulilikumbuka siku tulipoteremsha toka juu ya kabati kasha moja lililojaa vumbi. Ndani yake mlikuwamo mfano wa ndege Dakota: nusu yake imekwisha kuundwa, nusu yake ingali vipande. Tuliuacha tukiwa wanafunzi. Toka siku hiyo imepita miaka 18.

Kasha hilo tulipewa na mjomba wetu, aliyekuwa fundi wa ndege za namna hiyo hapa Kongo. Juzi tulipokwenda kumwamkia alituuliza, "Mwanangu, ile ndege yangu umekwisha kuimaliza?" Tukainamisha kichwa. Macho yake yanaingia giza mwaka kwa mwaka, wala hatukuthubutu kumwambia angoje tena.

Kupunguza pasipo kupotosha

Wengi hudhani kuunda mifano ya ndege ni mchezo wa watoto tu. Kumbe ni kazi ya vipimo. Mfano wetu ni wa kipimo cha 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Dakota, ambayo jina lake la kwanza ni DC-3, iliruka mara ya kwanza huko Marekani tarehe 17 Desemba 1935. Toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ina meta 29 hivi. Gawanya kwa 72, utapata sentimeta 40. Mtu mwenye urefu wa sentimeta 180 atakuwa na milimeta 25 tu. Basi, kosa la milimeta 1 mezani ni kosa la sentimeta 7 katika ndege yenyewe.

Kipimo hicho kilitumika hata vitani. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya miti, ili askari wajifunze kutofautisha ndege za rafiki na za adui. Mfano wenye kombo ungaliwafundisha uwongo.

Mikono nayo husahau

Tulipofungua kasha tuliona gundi imekauka, rangi imekuwa jiwe, na zile alama za kulowesha majini zimegeuka manjano. Tulidhani vitu hivyo tu ndivyo vilivyozeeka. Kumbe hata mikono yetu ilikuwa imesahau kazi.

Gundi ya mifano hii haishiki kama ubani. Huyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, kisha pande hizo hukauka zikawa kitu kimoja. Ikizidi, huharibu, na ukigusa plastiki ingali laini, alama ya kidole chako itabaki. Sisi kwa haraka tuligandisha kioo cha rubani kwa ile gundi kali ikaukayo mara moja. Asubuhi tulikuta mvuke wake umekifunika kioo kwa ukungu mweupe. Ilitubidi kuking'oa na kukisugua kwa dawa ya meno siku nyingi hata kiling'aa tena.

Hapo tulikubali kwamba tumerudi darasa la kwanza. Tuliiweka Dakota kando, tukatafuta ndege nyingine ndogo, ya bei nafuu na ya vipande vichache, ili tufanyie makosa yetu humo. Tulijifunza upya kuosha vipande kwa maji na sabuni, kwa kuwa huenda vikatoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Tulijifunza kuunganisha kwanza pasipo gundi, kuona kama vipande vyapatana. Tulijifunza kufungua madirisha, maana mvuke wa gundi na wa rangi hudhuru kifua na kichwa. Lakini lililokuwa gumu kupita yote ni kuondoka mezani na kuacha kitu kikauke hata kesho. Mwalimu huwaambia watoto kila siku wawe na subira. Si rahisi kujiambia mwenyewe.

Vidole vya mjomba

Baada ya miezi mitatu tuliichukua Dakota kwa mjomba. Aliisogeza karibu na macho, kisha akayafumba, akaanza kuipapasa kwa vidole: pua, injini mbili, mabawa, mkia, hata lile gurudumu dogo la nyuma. Akasimama kwenye bawa la kushoto.

"Hili limeinuka kuliko lenzake," akasema.

Ni kweli. Bawa la kulia tulilitia mwaka huu, tukalipima mara tatu. Lile la kushoto tuliligandisha zamani, jioni moja, tukikimbilia mpira. Kulibandua tuliogopa tusije tukalivunja, tukatumaini halitaonekana. Wala yeye hakuliona, alilishika.

Tulianza kuomba radhi, lakini mzee akacheka. "Mwanangu, wengi huniletea ahadi. Wewe umeniletea ndege. Iweke hapa dirishani, mkono wangu upate kuifikia."

Basi, ndugu msomaji, kama nawe una kasha lako juu ya kabati, literemshe. Anza na kazi ndogo, wala usione haya kuwa mwanafunzi tena. Labda yuko mtu ambaye angali akilingojea.